Sikio la mtangazaji wa muziki ni mali ya nani?

Ndugu msomaji, panda daladala asubuhi kutoka Mbagala kwenda Posta. Mpaka unashuka, utakuwa umeusikia wimbo mmoja mara mbili, pengine mara tatu, na dereva akihamia kituo kingine utaukuta umekutangulia huko. Abiria mmoja atauimba kwa sauti ya chini. Mwingine atauliza kwa kero: hivi watu hawa hawana nyimbo nyingine? Swali la abiria huyo ndilo lililokuwa mada ya mazungumzo yangu redioni wiki hii, na kwa kuwa wasikilizaji kadhaa wameomba kuyaona katika maandishi, nayaleta hapa. Nani aliuchagua wimbo ule? Na alipouchagua, alikuwa anamtumikia nani?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Wapo wanaodhani kwamba mwandishi wa habari za muziki ni mtu wa kuketi studioni, kupiga nyimbo na kuwasalimia jamaa zake. La hasha. Kwa siku moja huletewa nyimbo mpya nyingi kuliko anazoweza kuzipiga kwa juma zima. Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza, nzuri na mbaya, za wakubwa na za wasiojulikana. Ya pili ni kuchagua. Ya tatu ni kuuliza: nani ametunga, nani amepiga gitaa la solo, wimbo umerekodiwa wapi, mtunzi amelipwa au hajalipwa. Ya nne ni kumweleza msikilizaji aliyoyapata, kwa lugha ambayo mama lishe na mhasibu wa benki wataielewa sawasawa. Akiwa kwenye televisheni huongezeka ya tano, nayo ni sura: nani ataonekana, amevaa nini, anacheza na nani.

Katika kazi hizo tano, kuchagua ndiko kwenye hatari. Wimbo unaopigwa mara kwa mara huuzika, na mwenye nao hualikwa kwenye kumbi. Wimbo usiopigwa, hata ukiwa mtamu kama asali, hubaki kabatini. Kwa hiyo dakika tatu za mtangazaji ni mali kwa mtu mwingine ambaye hayumo studioni. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na mlango wa studio ni mahali penye udhia mkubwa.

Huko Marekani jambo hili lina jina lake. Huitwa payola, neno ambalo inasemekana liliungwa kutokana na neno la Kiingereza la kulipa na jina la gramafoni za Victrola. Maana yake ni fedha, zawadi au hisa anazopewa mtangazaji kwa siri ili apige wimbo fulani. Nimechukua mfano wa Marekani kwa sababu moja tu. Kwingi duniani mambo haya huishia kwenye minong'ono ya baa, lakini kule swali letu la kwenye daladala liliulizwa hadharani, mbele ya wabunge, na majibu yakaandikwa. Aidha, walikuwapo watangazaji wawili waliofanya kazi kwa wakati mmoja, chini ya kampuni moja, ambao njia zao ziliachana pale pale. Tukiwafuata hao wawili tutajifunza kuhusu kazi hii mengi kuliko darasani.

Wa kwanza ni Alan Freed. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1921 na kukulia katika jimbo la Ohio, ambako akiwa kijana alipuliza tromboni. Baada ya kuhangaika katika vituo vidogo, mwaka 1951 aliingia kituo cha WJW mjini Cleveland. Hapo alishirikiana na Leo Mintz, mwenye duka la santuri. Mintz alikuwa ameona dukani kwake jambo ambalo wenye redio walikuwa hawajaliona: vijana wa Kizungu walikuwa wakija kununua santuri za ridhimu na bluzi, muziki wa dansi wa Wamarekani Weusi. Tukumbuke kwamba Marekani ya wakati huo ilikuwa imegawanyika kwa rangi. Katika majimbo ya kusini sheria iliwatenga watoto shuleni na abiria kwenye mabasi, na hata orodha za nyimbo zinazouzika ziliwekwa mbali mbali, za Weusi kwao na za Wazungu kwao. Mintz akadhamini kipindi cha usiku, naye Freed akakitangaza akijiita Moondog, yaani mbwa wa mwezi.

Kipindi kile kilikuwa moto. Freed alikuwa akipiga ngumi kitabu cha simu kufuata mdundo na kupiga kelele juu ya saksafoni. Lakini chini ya kelele hizo alikuwa na sikio. Alijua wimbo upi utamfanya kijana asilale. Tarehe 21 Machi 1952 yeye na wenzake waliandaa dansi katika ukumbi mkubwa wa michezo wa Cleveland, wenye nafasi ya watu wapatao 10,000. Umati uliofika ulizidi uwezo wa ukumbi kwa mbali, milango ikavunjwa, na polisi wakalisimamisha dansi mapema. Wanahistoria wengi wa muziki hulihesabu dansi lile kuwa onyesho kubwa la kwanza la rokenroli.

Mwaka 1954 Freed alihamia New York, kituo cha WINS. Huko mwanamuziki mmoja kipofu aliyekuwa akipiga ngoma mitaani, Louis Hardin, ambaye naye alijulikana kwa jina la Moondog, alimshtaki na kushinda. Freed akaliacha jina lile na kukiita kipindi chake kwa jina la rokenroli. Neno hilo hakulibuni yeye, kwani lilikuwa katika lugha ya mitaani ya Weusi tangu zamani. Alilolifanya ni kulipigia mbiu mpaka dunia nzima ikalijua. Isitoshe, alikuwa na msimamo mmoja ambao wanamuziki Weusi waliuthamini. Desturi ya makampuni ilikuwa kwamba wimbo wa Mwafrika wa Marekani ukianza kupendwa, mwimbaji wa Kizungu anaitwa haraka aurekodi upya, na redio za Wazungu zinapiga ule wa pili. Freed alikataa mchezo huo. Alipiga wimbo wa mwenyewe.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, tuna mtangazaji wa kupigiwa mfano. Sasa tugeuze santuri upande wa pili. Mwaka 1955 kijana mmoja wa St. Louis, Chuck Berry, alitoa wimbo wake Maybellene kupitia kampuni ya Chess ya Chicago. Wimbo huo ulipata bahati ya kupigwa sana na Freed. Lakini kwenye santuri, mahali pa mtunzi, palikuwa na majina matatu: la Chuck Berry, la mtu mwingine aitwaye Russ Fratto, na la Alan Freed. Freed hakuwa ametunga hata mstari mmoja. Kuandikwa huko kulikuwa ndiyo malipo yake. Mtunzi hulipwa mirabaha kila santuri inapouzwa na kila wimbo unapopigwa, kwa hiyo Freed alikuwa na fungu lake katika wimbo aliokuwa akiuchagua yeye mwenyewe hewani. Chuck Berry hakuirudisha haki yote ya wimbo wake mpaka mwaka 1986.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasiharakishe kuhukumu. Mtu yule yule aliyewafungulia wanamuziki Weusi mlango ndiye aliyewatoza ushuru mlangoni. Mambo hayo mawili yalikaa katika kifua kimoja. Na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko mla rushwa asiyejua muziki, kwa sababu akikuambia wimbo huu ni mzuri, mara nyingi ni mzuri kweli. Msikilizaji hawezi kutofautisha siku sikio linaposema na siku mfuko unaposema.

Julai 1957 Freed aliingia kwenye televisheni. Kampuni ya ABC ilimpa kipindi kiitwacho The Big Beat. Huko alikutana na ile kazi ya tano niliyoitaja, yaani sura. Katika kipindi kimojawapo kijana Frankie Lymon, mwimbaji Mweusi aliyekuwa bado mvulana, alionekana akicheza na msichana wa Kizungu. Vituo vya majimbo ya kusini vikaja juu, na baada ya muda mfupi kipindi kikafutwa. Angalieni tofauti ya vyombo viwili hivi. Kwa miaka sita Freed alikuwa amewachanganya vijana Weusi na Weupe kwa njia ya redio, na redio haionyeshi rangi ya anayecheza. Kamera ilimwangusha kwa dakika chache. Televisheni hugharimu fedha nyingi, hutegemea wenye matangazo ya biashara na vituo vya mikoani, na kila mmoja wa hao ana mkono kwenye swichi.

Mwezi uliofuata, Agosti 1957, kampuni hiyo hiyo ya ABC ilianza kurusha nchi nzima kipindi kingine cha muziki na dansi, American Bandstand, kutoka Philadelphia. Mtangazaji wake ndiye mtu wetu wa pili, Dick Clark, aliyezaliwa mwaka 1929. Clark alikuwa kijana nadhifu, mwenye tai na sauti ya upole, ambaye wazazi hawakumwogopa. Wala hakupiga ngumi kitabu cha simu. Lakini nyuma ya pazia alikuwa mfanyabiashara hodari. Kufikia mwaka 1959 alikuwa na maslahi katika makampuni 33 yaliyohusu muziki: ya kurekodi, ya kumiliki haki za nyimbo, ya kuchapa santuri. Katika kampuni moja, Jamie Records, aliweka dola 125 na kuja kupata faida ya dola 11,900. Nyimbo za kampuni hiyo zilisikika mno katika kipindi chake.

Mwaka 1959 Marekani ilishtushwa na habari kwamba mashindano ya maswali kwenye televisheni yalikuwa yakipangwa, washindi wakipewa majibu kabla. Wabunge waliokuwa wakichunguza mambo hayo wakageukia redio. Makampuni yakaingiwa na hofu. ABC iliwataka watangazaji wake watie saini tamko kwamba hawajapokea malipo ya siri. Freed, ambaye wakati huo alikuwa WABC, kituo cha redio cha kampuni hiyo huko New York, alikataa kusaini akisema ni kumtukana. Novemba 1959 akafukuzwa. Clark yeye aliambiwa achague: aziuze hisa zake katika makampuni ya muziki au aache kipindi. Akauza. Tamko alilolitia saini yeye lilikuwa na maneno tofauti, yenye kuieleza payola kwa maana finyu ambayo aliweza kuikana.

Aprili 1960 Clark alifika mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoongozwa na Oren Harris wa Arkansas. Aliulizwa juu ya hisa, juu ya faida, hata juu ya vazi la manyoya na vito ambavyo mkewe alipewa na mtu wa kampuni ya santuri. Alijibu kwa utulivu. Mwenyekiti akamaliza kwa kumsifu kuwa ni kijana mwema. Mwezi uliofuata Freed alikamatwa New York pamoja na wenzake kwa mashtaka ya hongo ya kibiashara. Mwaka 1962 alikiri makosa mawili, akatozwa faini ya dola 300 na kupewa kifungo cha nje. Faini yenyewe ilikuwa ndogo, lakini vituo vikubwa vilikuwa vimemfungia milango. Mwaka 1964 akashtakiwa kwa kodi ya mapato ambayo hakuilipa. Alifariki Januari 1965 huko Palm Springs, California, akiwa na umri wa miaka 43. Clark aliendelea na American Bandstand mpaka mwaka 1989, akawa tajiri mkubwa, akafariki mwaka 2012.

Wapo wanaosema kwamba Freed alionewa kwa sababu ya kuwachanganya watu wa rangi mbili, na kwamba Clark aliokolewa na tai yake. Siwezi kulikataa hilo lote. Ni wazi kwamba adhabu haikulingana na ukubwa wa maslahi ya kila mmoja. Mwenye kushika bahasha alianguka, mwenye kushika hisa akasimama. Lakini ukiniuliza nani kati yao alikuwa huru alipokuwa akichagua wimbo, nitakujibu kwamba hakuna. Hisa ni bahasha inayojijaza yenyewe kila mwezi.

Jambo la kufikiriwa zaidi ni sheria iliyotokana na mkasa huo. Kabla ya hapo hakukuwa na sheria ya taifa la Marekani iliyotaja payola kuwa kosa la jinai, ndiyo maana Freed alishtakiwa kwa sheria ya jimbo. Mwaka 1960 sheria ya mawasiliano ikarekebishwa, adhabu ikiwa faini isiyozidi dola 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sasa sikilizeni vizuri. Sheria hiyo haikukataza mtu kulipia wimbo upigwe. Ilikataza kuficha. Kituo kinaweza kupokea fedha na kupiga wimbo, ili mradi kitangaze hewani kwamba wimbo huo umelipiwa na fulani. Kosa liko katika ukimya.

Kwetu Tanzania tunaujua ubishi wa namna hii. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, na tukabishana miaka kadhaa ukarimu unaishia wapi na rushwa inaanzia wapi, mpaka Mahakama Kuu ilipovitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Katika studio ubishi huo una dawa nyepesi zaidi. Sema. Mtangazaji akisema "wimbo huu umeletwa kwenu kwa udhamini wa kampuni fulani", msikilizaji anajua anasikiliza tangazo, na ataupima hivyo. Akinyamaza, msikilizaji anadhani anapewa ushauri wa rafiki, kumbe anauziwa bidhaa.

Je, sheria iliiua payola? Haikuiua. Baada ya mwaka 1960 wenye vituo wengi waliwanyang'anya watangazaji uhuru wa kuchagua, wakaukabidhi kwa wasimamizi wa vipindi na orodha fupi ya nyimbo zinazorudiwa rudiwa. Hongo ikapanda ngazi kuwafuata huko juu. Mwaka 2005 kampuni kubwa ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 baada ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuchunguza jinsi makampuni yalivyokuwa yakiwapa watu wa redio safari, vifaa vya umeme na zawadi nyingine ili nyimbo zipigwe. Mwaka huo huo kampuni ya Warner ililipa dola milioni 5, na mwaka 2006 Universal ikalipa milioni 12. Kwa hiyo, ndugu abiria wa Mbagala, orodha fupi inayokukera ina historia ndefu.

Tuje nyumbani. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio moja ya taifa, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikwenda studioni kwake kurekodi kwenye tepu, na tepu hizo ndizo zilizopigwa. Mashairi yalikaguliwa kwanza. Mtangazaji hakuwa na mengi ya kumuuzia mtu, kwani mlango ulikuwa wa serikali na serikali ilikuwa na masharti yake. Hizo nazo zilikuwa pingu, tena nyimbo nzuri zilikataliwa kwa sababu za siasa, kwa hiyo nisieleweke kwamba nalilia zama zile. Mwaka 1994 zikaja Radio One na televisheni ya ITV, na baada ya hapo vituo vikaongezeka mmoja baada ya mwingine. Nchini Kenya hali kadhalika, televisheni ya KTN ilianza mwaka 1990 na redio ya Capital mwaka 1996, baada ya miaka mingi ya Sauti ya Kenya peke yake. Uhuru ulikuja pamoja na soko, na soko lilikuja na bahasha ya kaki mkononi.

Nami nimeiona bahasha hiyo. Nilipokuwa mgeni kazini, nikiwa nimetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, promota mmoja aliniletea sidii ndani ya bahasha. Nilipoifungua nilikuta na noti. Nilimfuata hadi kwenye ngazi nikamrudishia noti zake, akacheka, akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo ni nauli tu." Nikabaki na sidii. Niliporudi kuisikiliza nikagundua kitu ambacho hakuna mwalimu aliyenifundisha. Sikuweza kuisikia. Kila gitaa lilipoanza nilikuwa najiuliza, je, wimbo ni mzuri, au nataka uwe mzuri? Au je, ni mbaya, au nataka uwe mbaya ili nijione mwadilifu? Fedha ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe, lakini sikio lilikuwa limeshachafuka.

Nilichofanya ni kumpa sidii ile mwenzangu wa kipindi cha jioni bila kumweleza chochote, nikamwambia, "Kaka, sikiliza hii halafu uamue mwenyewe." Alisikiliza, akasema wimbo wa tatu unafaa, akaupiga. Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu huo. Wimbo wowote unaoletwa na ndugu, rafiki, jirani au mtu mwenye deni nami, hauchaguliwi na mimi. Siuzuii, maana kuwa ndugu yangu si kosa la msanii. Naukabidhi kwa mtu mwingine.

Najua jibu la vijana wengi walioko kwenye vituo vidogo vya mikoani. Watasema, "Mzee, mkono mtupu haulambwi. Mshahara umechelewa miezi mitatu, nauli natoa mfukoni, wewe unanifundisha habari za sikio safi." Hawakosei kulalamika. Hata watangazaji wa Marekani wa miaka ya 1950 wengi wao walilipwa kidogo, na payola iliota katika udongo huo. Mwenye kituo ambaye hamlipi mtangazaji wake anajua fika kwamba kuna mtu mwingine atamlipa. Anapojifanya kushangaa baadaye, tumkumbushe kwamba alimwajiri mtu huyo kwa mshahara wa wanamuziki. Uadilifu wa studio huanzia kwenye daftari la mishahara.

Na msanii mchanga tumsahau? Yeye ndiye anayeumia zaidi. Amekopa fedha za kurekodi, ametembea kwa miguu vituo vitano, na kila mlango anaulizwa amekuja na nini. Kama hana kitu, anageukia mwenye nacho, mfadhili atakayemlipia wimbo upigwe kisha atake nusu ya jasho lake kwa miaka kumi. Ndivyo jina la mtu asiyetunga linavyoingia kwenye utunzi. Chuck Berry alilisubiri jina lake kwa miaka 31.

Wengine wataniambia mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana simu na anajichagulia wimbo mwenyewe. Ni kweli mlango wa studio si mlango pekee tena. Lakini nyimbo ni nyingi kuliko zamani, na anayeingia kwenye simu yake hukuta orodha zimeshapangwa na mtu au mashine asiyoifahamu. Wapo pia vijana wenye wafuasi wengi mitandaoni wanaolipwa ili wacheze wimbo fulani kwa sekunde kumi na tano, na msikilizaji haambiwi. Bahasha imebadilisha mavazi. Kwa maoni yangu, katika wingi huu mwandishi wa muziki anahitajika kuliko alivyohitajika enzi za redio moja, lakini anahitajika kwa kitu kimoja tu, nacho ni kuaminika. Sauti nzuri wapo wengi wenye nayo. Nyimbo mpya kila mtu anazo.

Basi msikilizaji umpimeje mtangazaji wako? Msikilize kwa mwezi mmoja. Je, hukutajia mtunzi na wapigaji, au hutaja jina la mwimbaji na la mdhamini pekee? Je, hukueleza kwa nini wimbo ni mzuri, au hukwambia tu kwamba ni moto? Je, huwahi kupiga wimbo wa mtu asiyejulikana, wa kikundi cha kijijini au mzee aliyesahaulika, ambao hakuna mwenye faida ya kuulipia? Je, huwahi kumuuliza msanii mkubwa swali gumu? Akishinda mitihani hiyo, mshike. Akishindwa yote minne, wewe si msikilizaji wake. Wewe ni bidhaa anayompelekea mtu mwingine.

Ukumbi wa makumbusho ya rokenroli ulipoanza kuwaenzi watu wake mwaka 1986, jina la Alan Freed lilikuwamo katika kundi la kwanza, na la Chuck Berry pia. Jengo lenyewe likafunguliwa mwaka 1995 huko huko Cleveland, mji ambao Freed alikuwa akipiga ngumi kitabu cha simu usiku wa manane. Ni haki aenziwe, kwani alisikia kabla ya wengine. Lakini kijana anayetaka kazi hii aisome hadithi yake mpaka ukurasa wa mwisho. Sikio zuri ni karama, na karama haina mshahara wa kutosha, hilo nakiri. Hata hivyo ni mali uliyowekewa amana na watu wasiokujua, waliomo kwenye daladala, jikoni na gereji, ambao hawana bahasha ya kukupa. Wanachokupa ni muda wao. Siku ukiiuza amana hiyo utapata mnunuzi haraka sana, ila hutapata tena cha kuuza.

Hadi wiki ijayo, Mungu akipenda, nawatakia usikivu mwema.